Ng'ombe wa Unga

Ruiru, Jumapili mchana

Wambui,

Mmeondoka hapa saa saba, wewe na Nyokabi, mkasema mnakwenda Juja kumuaga tata, shangazi yenu. Mtu haendi kuaga huku amebeba kikombe cha mtoto na sahani yake kwenye kikapu. Mmekwenda kumwomba dada yangu amchukue Nyokabi, kwa sababu kesho asubuhi unapanda gari la moshi kwenda chuo cha ualimu, na hutaki kumwacha mdogo wako kwangu. Mimi si mjinga. Nimekuwa mpishi karibu miaka ishirini, na mpishi husikia kila kinachosemwa mezani na watu wanaodhani hasikii.

Juzi uliniambia, kwa upole, kwamba tata ana maziwa na kwamba mtoto wa miaka mitano anahitaji maziwa. Ungenitukana ningeumia kidogo tu. Upole ule ndio tunaoutumia kwa watu ambao hatuwaamini, na mimi nimeutumia sana katika maisha yangu, kwa hiyo naujua hata ukija umevaa kitambaa kichwani.

Basi nina saa tatu hivi kabla hamjarudi. Nimekaa mezani na nimefunga mlango, majirani wasije wakamwona mwanamume mzima akimwandikia barua mtu anayelala naye nyumba moja. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa kwa Kikuyu najua kugomba tu. Kiswahili nilifundishwa kukiandika na Mzee Athmani wa Mombasa, mpishi niliyeanza kazi chini yake, aliyeninakilisha mapishi kila siku mpaka mwandiko ukanyooka. Ni lugha ambayo sijawahi kumpigia mtoto kelele nayo.

Habari za blanketi, sabuni na kutotembea na wasichana wabaya sitaandika. Tata amekwisha kukuambia, na asipokuambia yeye, mke wa Mchungaji atakuambia, na ukimkwepa huyo atamtuma mwingine. Wanawake wa kanisa hili hawajawahi kumwacha mtu aondoke bila kumpa ushauri ambao wao wenyewe hawakuufuata.

Huko unakokwenda watakufundisha kucheza na watoto wadogo. Wanaiita kazi ya mikono. Mchungaji alinieleza mlangoni pa kanisa, kifua mbele, utadhani ameibuni yeye, kwamba mtajifunza kuwatengenezea watoto vitu kwa takataka za nyumbani, bila gharama yoyote. Nikajibu, "Ndio, Mchungaji." Moyoni nikasema, huyu hajaona jinsi kitu cha bure kinavyogharimu.

Mimi nimeona. Katika nyumba ile ya shamba la kahawa nilikopika miaka tisa, memsahibu alikuwa akiletewa jarida kutoka Uingereza, na ndani yake mlikuwa na ukurasa wa mama na watoto. Tumia ulicho nacho nyumbani, ndivyo lilivyosema. Basi kila Jumamosi asubuhi vita vinaanza. Ulicho nacho nyumbani ni karatasi za rangi, na nyumbani hazimo, kwa hiyo dereva anatumwa Thika kwa Mhindi. Anarudi nazo, kumbe nyekundu si nyekundu ile, anatumwa tena. Vizibo vya chupa vinatakiwa sita, na Bwana anafungua mvinyo ambao hakuna aliyeutaka saa hizo, kisha anaunywa, asije akapoteza kitu. Mayai yanatobolewa na kupulizwa ili maganda yapakwe rangi, na yai lenyewe anapewa mbwa. Ikifika saa sita, juu ya meza amesimama sungura wa karatasi mwenye sikio moja, na memsahibu anapiga makofi.

"Mpishi, wewe ona? Sisi natengeneza na kitu ya bure."

Alikuwa ametengeneza nini yeye? Alikuwa amekaa dirishani na sigara yake, akisoma jarida kwa sauti. Watoto wake wawili, Robini na Suzana, hawakujua hata mkasi unashikwa upande gani. Aliyesimama nyuma yao na aproni nyeupe, amewashika vidole kimoja kimoja, ni mimi baba yako. Gundi ya chupa ilipokwisha, mimi ndiye niliyewapikia uji mzito wa unga wa ngano, nikauchuja, wakabandikia. Mimi ndiye niliyejua kwamba maganda ya kitunguu yakichemshwa hutoa rangi ya dhahabu, na kwamba maji mekundu ya bitiruti hushika kwenye kitambaa ukitia siki kidogo. Jarida halikuyajua hayo. Memsahibu akaliandikia barua kuhusu gundi yangu, wakaichapa na jina lake chini. Alinionyesha. Nikasema, "Nzuri sana, memsahibu."

Usinihurumie hapo. Nilikuwa napenda kazi ile, na hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilipenda kumwona mtoto akitoa ulimi nje kidogo anapokata mstari. Nilipenda utulivu unaoingia chumbani watoto wawili wakikanda kitu. Lakini mwanamume wa Kikuyu hawezi kusema kwamba anapenda kufinyanga nguruwe wa unga na watoto wa watu, kwa hiyo nilipokuja nyumbani Jumapili nililigeuza kuwa kichekesho. Na nilikuwa hodari. Nilitembea kama memsahibu, nikavuta sigara isiyokuwepo, nikapiga makofi. Mama yako alicheka mpaka akashika ubavu.

Siku moja nikaeleza habari ya unga. Ulikuwa na miaka saba, umekaa karibu na mlango unachambua maharagwe. Nilisema kwamba watu wazima, tena waliosoma, wanachukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, na maji, wanakanda, wanafinyanga ng'ombe na nguruwe, wanawakausha kando ya jiko siku mbili, halafu hawali. Nikarudia: hawali. Mama yako alikuwa hoi. Wewe hukucheka. Uliuliza, "Baba, maji ni kiasi gani?"

Nami, kwa ujinga wangu, nikakujibu kama mpishi. "Kidogo kidogo, mpaka unga usishike vidole."

Nilidhani nasimulia upumbavu wa watu. Wewe ulikuwa unapokea mapishi.

Yaliyofuata unayajua, lakini hujawahi kuyasikia kutoka kwangu, na mimi sijawahi kuyasikia kutoka kwako. Ilikuwa kabla serikali haijatangaza hali ya hatari, tukiwa bado kwenye nyumba yetu ya zamani, kabla hawajatukusanya wote kijijini kama kuku. Nilikuwa nimeleta unga wa ngano kwenye mkebe mkubwa wa biskuti, wa chapati za Krismasi, kwa sababu wanaume watatu wa rika langu walikuwa waje kula kwangu. Siku hizo mtu aliyepika chapati Krismasi alizungumziwa mpaka Pasaka. Nilikuwa nimewaambia wote. Nadhani nilimwambia hata karani wa stesheni ambaye hakuwa amealikwa.

Siku moja kabla ya sikukuu nikarudi na wawili wao, Karanja na mwenzake, tukapitia nyuma ya nyumba. Juu ya mawe, kwenye jua, walikuwa wamesimama ng'ombe tisa na ndama mmoja.

Nataka uelewe jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo linalonifanya nijidharau kuliko mengine yote. Niliona. Kabla ya hasira kupanda niliona kila kitu. Niliona kwamba umewatia nundu, ile nundu ya ng'ombe wetu, wakati ng'ombe wa Robini walikuwa na migongo ya meza. Niliona pembe za vijiti vya mti wa kahawa, zote zimekatwa sawa. Niliona kwamba ndama umemgeuza kichwa amtazame mama yake. Miaka yote niliyowashika vidole watoto wa yule mwanamke hakuna aliyewahi kumgeuza mnyama kichwa. Mimi ndiye mtu pekee katika wilaya nzima ya Thika niliyejua thamani ya kitu kilichokuwa juu ya mawe yale.

Halafu Karanja akacheka. "Haiya, Kimani! Kumbe we ni tajiri hivi? Unafuga mpaka za unga?"

Unamjua Karanja. Ni mtu ambaye tangu atahiriwe hajafanya kitu kwa mikono yake isipokuwa kuishika fimbo yake na kuwasifu wanaopiga watoto wao. Ameuza shamba lake, amepoteza mbuzi wa mke wake, na hata leo akikohoa barazani watu wanamsogezea kiti. Kwa ajili ya kicheko cha mtu wa namna hiyo, nilikuita.

Ulikuja mbio. Ulidhani nimekuja kuwatazama. Mikono yako ilikuwa bado na unga mpaka kwenye viwiko, na ulikuwa unatabasamu, na ulianza kusema, "Baba, nilitia maji kidogo kidogo."

Nikamchukua ng'ombe mmoja nikakupa. Nikasema, "Chakula hakichezewi. Kula."

Uliniangalia kuona kama ni mzaha. Kwa nini usifikiri hivyo? Jumapili tatu kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mizaha. Kisha ukaanza na mguu wa nyuma. Kikombe kizima cha chumvi, na unga mbichi uliokauka nje tu. Ulitafuna. Ulimeza. Hukulia, na hilo liliniudhi, kwa hiyo nikasema uendelee. Karanja akatikisa kichwa kwa kuridhika akasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Mwenzake akaitikia. Walikuwa wazee wawili wa baraza siku ile, wakihukumu kesi ya mtoto na ng'ombe wa unga, na mimi nilikuwa askari wao.

Mama yako alikuwa anatoka mtoni. Alitua mtungi, akakutoa kile kipande mdomoni kwa kidole, akakusukutua kwa maji, na wewe ukatapika juu ya miguu yake. Hakupiga kelele. Aliniuliza mbele yao, kwa sauti ya kuuliza bei ya viazi, "Kule unalipwa ucheze na watoto. Hapa tukulipe nini?"

Mwanamume asiye na jibu mbele ya rika lake hutafuta kitu cha kuvunja. Niliwakanyaga waliobaki, na ndama pia.

Sikukuu tulikula chapati. Unga uliosalia kwenye mkebe ulitosha watu wote, na Karanja akabeba mbili.

Wewe una jina la mama yangu. Kwa desturi yetu wewe ndiye yeye, amerudi, na tangu uzaliwe nilikuwa nakuita mama, hata ukiwa na kamasi puani. Baada ya siku ile neno hilo lilinishinda. Nadhani uligundua. Labda ulifikiri nimekukasirikia, ukawa unangoja niache kukasirika. Mtu amemlisha mama yake chumvi mbele ya wanaume, atamwitaje tena?

Jumatatu nikarudi kazini. Jumamosi iliyofuata nilisimama nyuma ya Suzana, nikamshika vidole, tukafinyanga nguruwe asiye na shingo, na nikamwambia ni mzuri.

Miaka michache baadaye ikaja hali ya hatari, na wapishi wote wa Kikuyu wakageuka kuwa wauaji kwa usiku mmoja machoni pa mabwana zao. Asubuhi moja nilimpelekea Robini yai lake. Alikuwa na miaka minane au tisa. Akaisukuma sahani. "Mimi hapana kula kitu ya mkono yako," alisema. Suzana akaangalia chini ya meza. Mkono ule ndio uliomfundisha kushika mkasi, na kushika kalamu, na kufunga kamba za viatu. Mama yake alimwambia neno moja jana yake, naye akaliamini kabla ya chai. Nikaondolewa jikoni, nikawa mfua nguo, na badala yangu akaja mpishi mwingine kutoka mbali ambaye aliunguza kila kitu. Nilifurahi kila nikisikia harufu ya moshi, mpaka baada ya miezi michache waliponirudisha jikoni.

Sikusimulii ili umchukie Robini. Alikuwa mtoto, na alifanya alivyofundishwa. Nakusimulia ili ujue kwamba kitu kizuri nilichokuwa nacho, ile subira ya kukaa na mtoto mpaka afanikiwe, nilikipeleka chote kwenye nyumba ambayo haikukihitaji. Nyumbani nilileta kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa kikohozi na mkanda.

Mwaka jana walipouza shamba na kuondoka, memsahibu aliniita verandani. Alikuwa na sanduku la kadibodi. Miaka tisa, Wambui. Niliwapikia keki za siku zao za kuzaliwa zote. Mama yako alipofariki niliomba siku tatu, nikapewa mbili. Na siku ile, gari likiwa limekwisha kupakiwa, ndipo alipouliza kwa mara ya kwanza.

"Mpishi, wewe iko na toto?"

"Wawili, memsahibu."

"Oh! Basi hii kwa toto yako."

Ndani mlikuwa na karatasi za rangi zilizokunjamana, chupa ya gundi iliyokauka, na mkasi uliokuwa butu tangu Robini alipojaribu kukatia waya. Nilitaka kuutupa mzigo huo kwenye mto wa Ruiru. Lakini mimi ni mtu wa kusema nzuri sana, kwa hiyo nikauleta nyumbani, nikakupa. Ulisema, "Asante, Baba." Kesho yake nikakuona unawashia jiko kwa karatasi ile nyekundu. Nilijifanya natafuta kofia. Sijafurahi hivyo tangu mama yako afariki.

Sasa nikueleze jambo usilojua kwamba nalijua. Wakati wa mvua kubwa nilikuwa natafuta mahali kuku anapotagia, nikaingiza mkono chini ya ghala, nikatoa kikapu kilichofunikwa kwa gunia. Nilikaa chini kwenye tope nikakifungua. Wanasesere wa gunzi wenye nywele za ndevu za mahindi, kila mmoja na shuka lake. Mkokoteni wa mabua wenye magurudumu ya vifuniko vya dawa ya viatu, na magurudumu yanazunguka. Mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa vizuri hivi kwamba niliudundisha mara mbili, kisha nikatazama kama kuna aliyeniona. Vipande vya gazeti vilivyobandikwa kwa uji vikawa bakuli. Na kiondo, kile kikapu chetu cha mkonge, kinachoweza kubeba mayai matatu tu, mistari miwili ya chini imepinda pinda, kazi ya vidole vya mtoto mdogo, na ya juu imenyooka, kazi yako. Mistari iliyopinda hukuifumua. Uliiacha hivyo hivyo, ukaendelea.

Hakuna kilichogharimu kitu pale. Hicho ndicho kitu cha bure, wala hukukipata kwenye jarida.

Nikarudisha kila kitu kwa mpangilio wake. Hata yai nililolikuta nililiacha. Na nilipokuwa nafunika gunia nikaelewa kwa nini nyumba yangu huwa safi hivyo nikiingia. Mimi hukohoa nikikaribia mlango, kama wanaume wote wenye adabu. Miaka yote nilidhani ni adabu. Kumbe nilikuwa nawapigia kengele ya kuficha.

Alhamisi iliyopita ulikwenda kuwaaga wasichana wenzako, nikabaki na Nyokabi. Nilikuwa nimenunua unga. Nilifunga mlango, nikachukua sufuria, nikapima vikombe viwili, na chumvi, nikamwita. Alikuja akasimama hatua mbili kutoka mezani, mikono ameiweka nyuma.

"Njoo tukande," nikamwambia.

"Mimi nitaangalia tu, Baba."

Nikakanda peke yangu. Jasho lilinitoka kama nafanya mtihani. Nikafinyanga ng'ombe, nikamtia nundu, nikamweka mbele yake. Alimtazama, kisha akanitazama mimi usoni, akitafuta jibu ninalolitaka. Halafu akasema, "Nzuri sana, Baba."

Ilikuwa sauti yangu. Neno kwa neno, na ule upole wake wote, ni sauti niliyomtolea memsahibu kwa miaka tisa. Mtoto ana miaka mitano na amekwisha kunijua kama nilivyomjua yule mwanamke. Sijawahi hata kumpiga huyu. Sikuhitaji. Alijifunza kwa kukuona wewe ukisitisha kazi na kufunika gunia, na wewe ulijifunza kwa chumvi.

Baadaye nilimtupia kuku yule ng'ombe. Hata kuku alimwacha.

Kwa hiyo sina hekima ya kukupa, na yeyote atakayekuambia kwamba wazazi wanayo, mwulize aliipata wapi. Nina hili tu. Memsahibu yule sikumdharau mbele yake hata siku moja. Mbele yake nilikuwa mtu wa kuitikia. Dharau yangu niliibeba kwenye barabara ya vumbi kila Jumapili, nikaileta nyumbani, na kwa kuwa haikuwa na mahali pa kwenda nikaimwaga juu ya mtu wa miaka saba. Ndivyo tunavyofanya wengi wetu hapa. Bwana anamtukana mnyapara, mnyapara anamtukana mchuma kahawa, mchuma kahawa anarudi nyumbani jioni. Tukikutana kanisani tunaiita malezi mema.

Utadharauliwa huko. Utapata mkuu atakayekufundisha kukata samaki wa karatasi wewe uliyesuka kiondo, na mkaguzi atakayepiga makofi kama yule memsahibu, na watakuletea maonyesho ya kazi za mikono ambapo zawadi hupewa kitambaa cha kufunikia chupa cha mtu asiye na chupa. Wadharau. Wanastahili, na una damu yangu, utaweza. Ukitaka kuwacheka, wacheke na wakubwa wenzako. Ila uangalie yuko nani karibu na mlango anachambua maharagwe. Na mtoto akikuuliza maji ni kiasi gani, basi mwambie, kisha uende ukaone alichotengeneza.

Kuna jambo nilitaka kukuomba, na nimekaa na kalamu hii muda mrefu nikitafuta jinsi ya kuliomba. Nilitaka kukuomba uniachie Nyokabi. Nilikuwa nimepanga maneno yote: kwamba sina kazi ya kulala kwa watu tena, napika chai tu pale sokoni Thika na kurudi mapema, kwamba nimebadilika, kwamba mtoto ni wa baba yake. Maneno mazuri. Mchungaji angeyapenda.

Sitayasema. Nguo za Nyokabi nilizifua asubuhi mkiwa kanisani, zimekauka, nimezipiga pasi, nimezifunga kwenye shuka la bluu, ziko kitandani kwako. Kile kikapu cha chini ya ghala nimekitoa nikakiweka kando yake, mkibebe mchana kweupe. Mpeleke kwa tata, na usiniambie tena habari za maziwa. Mtu angekuja leo kuniuliza ni nani hapa Ruiru wa kuachiwa mtoto wa miaka mitano, ningewataja majirani wengi kabla ya kujitaja mimi.

Jumamosi nitakwenda Juja. Sitapeleka unga. Nitakaa mbele ya nyumba ya dada yangu, kando ya barabara wanapopita watu, na nitasokota mkonge juu ya paja kama wanawake wanavyosokota, na Karanja akitaka kupanda basi aje acheke, nauli ni yake. Sitamwita Nyokabi. Sitamsifu wala sitamfundisha. Ikichukua miaka yako yote miwili ya chuo mpaka asogee mwenyewe, basi itachukua. Na akiificha mikono yake, nitamwacha aifiche.

Baba yako,
Kimani